Ukiambiwa 'umenawiri' na daktari akuambie 'punguza', umsikize nani?

MWALIMU mmoja wa shule ya upili huko Nakuru ameniuliza swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha nikakaa nalo wiki nzima. Mwenzake alirejea kazini baada ya likizo ya uzazi. Yeye, kwa nia njema kabisa, akamwamkua mbele ya walimu wote: "Mama, umenona!" Mama yule alinuna mpaka kengele ya mwisho. "Kwani, Profesa," anauliza mwalimu, "kunona ni tusi?"

Si tusi, ila kwa Kiswahili sanifu si neno la kumwambia mtu. Ng'ombe hunona. Mbuzi hunona, kuku hunona, na nyama yenye mafuta huitwa nyama iliyonona. Binadamu hunenepa. Anayekuambia umenona amekutazama kama mchinjaji anavyomtazama fahali siku ya mnada. Sidhani mwalimu alikusudia hivyo. Kama lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, kwa mfano, kitenzi -nora, ambacho bila shaka ni ndugu wa -nona, hutumika kwa mtu na mnyama bila ubaguzi. Alivuka mpaka wa lugha bila kuuona.

Hata hivyo, swali lake linafungua mlango mpana zaidi. Hebu tuyapange maneno tuliyo nayo ya kusemea mwili wa mtu, tuone yanaegemea wapi.

Upande wa unene tuna -nenepa, kitenzi kilichoundwa kutokana na kivumishi -nene kwa kuongezewa -p-, kiambishi kikongwe cha kuonyesha kuingia katika hali fulani. Ni kile kile kinachoonekana katika -ogopa, kutoka mzizi wa "woga". Tuna -wanda, ambacho vijana wengi wa leo hawakijui. Tuna bonge la mtu, kibonge, pandikizi, na tipwatipwa, neno ambalo ukilitamka tu unaona mtu akitembea. Tuna kitambi, ambacho kamusi za zamani zinakieleza pia kuwa kipande cha nguo cha kufunga kilemba au kiunoni. Wengine husema nyama uzembe, na hapo lawama imeshaingia ndani ya jina lenyewe.

Lakini maneno tunayoyatumia tunapoamkuana si hayo. Tunapokutana baada ya muda mrefu tunasema: umenawiri. Umepata afya. Naona Nairobi imekukubali. Ndoa imekukubali. Siku hizi unakaa vizuri. Sikiliza kwa makini: hakuna hata moja linalotaja mwili. Kunawiri kumetoka katika mzizi wa Kiarabu ule ule uliotupa nuru. Mmea hunawiri, uso hunawiri, na ndani ya neno hilo hamna kilo hata moja. Afya nayo tunajua ni nini. Hata hivyo, mtu aliyeongeza kilo kumi tangu Krismasi ataambiwa amepata afya, na aliyezipunguza hataambiwa hivyo hata siku moja.

Huyo wa pili ataambiwa nini? "Mbona umeisha hivi?" Kuisha! Mtu amesimama mbele yako, anapumua, na wewe unamwambia amekwisha. Au ataitwa kimbaombao, au gofu la mtu, au afananishwe na ng'onda, yule samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Atakayejaribu kuwa mpole atauliza, "Umekonda, una nini?" Swali hilo limeshatoa jibu lake: lazima una kitu. Ni kweli washairi wetu wamesifu kiuno cha nyigu tangu zamani, lakini hiyo ni sifa ya kwenye shairi. Sijawahi kusikia mtu akiamkuliwa matangani kwa kusifiwa kiuno cha nyigu.

Mizani hii imeenea hata nje ya mwili. Mtu mwenye ushawishi ni mtu mzito. Hoja yenye maana ina uzito. Asiye na msimamo ni mwepesi, na kazi isiyo na maana ni hafifu. Magazeti, likiwemo hili, hayachoki kuripoti kuwa mchezaji fulani ameahidiwa donge nono, au kwamba wakurugenzi wa shirika wanalipwa mishahara minono. Ndiyo maana mimi hupendelea walimu wafundishe uzani kwa kile kinachosomwa kwenye mizani, na uzito tuwaachie wanasiasa na hoja zao. Mtu akikuambia "nataka kupunguza uzito", lugha inamnong'oneza kwamba anataka kupunguza hadhi.

Haya hayakuanza jana, na si ya ovyo. Lugha iliyokulia katika njaa haiwezi kumwonea haya mtu aliyeshiba. Wakristo na Waislamu wanakijua kisa cha ndoto ya mfalme wa Misri iliyofasiriwa na Yusuf: ng'ombe saba wanono, kisha saba waliokonda wakawala wale wanono. Mkulima yeyote wa Afrika Mashariki anaielewa ndoto hiyo bila kufasiriwa. Sisi tuliokuwa vijana mwaka wa 1984 tunakumbuka ukame, na tunakumbuka ugali wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Mwaka huo, shavu lililojaa lilikuwa habari njema.

Kwingine unene ulikuwa cheo hasa. Mwishoni mwa mwaka wa 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika Karagwe, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Kagera, Tanzania, kwenye ikulu ya mfalme Rumanika. Aliwakuta wake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa kiasi cha kushindwa kusimama. Alimpima mmoja wao, shemeji ya mfalme, kwa utepe: mkono wa juu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi, kifua sentimita 132. Pembeni alikuwepo binti wa huyo mama, akinywa maziwa huku babake amekaa karibu na fimbo mkononi. Tusiharakishe kucheka. Katika nchi ambayo wengi walilima na kuchunga ili waishi, mwili usioweza kufanya kazi ulikuwa tangazo kwamba wapo wengine wanaoifanya.

Sasa tazama mkoa huo huo baada ya zaidi ya karne moja. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka wa 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu walikuwa wameupa ugonjwa huo jina la Kiingereza la "Slim", yaani mwembamba, na mwaka wa 1985 madaktari walilitumia jina hilo hilo walipouandikia katika jarida la kitabibu la The Lancet. Kagera waliuita Juliana. Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka wa 1984. Kwa karibu miaka ishirini, kabla dawa za kupunguza makali hazijawafikia watu wa kawaida, kukonda kulikuwa hukumu iliyosomwa hadharani. Kijiji kizima kilijua kabla ya maabara kujua. Kama unataka kuelewa kwa nini swali "umekonda, una nini?" linamchoma mtu wa umri wangu, usiishie kwenye kamusi. Nenda makaburini kwetu, usome miaka iliyoandikwa misalabani.

Kwa hiyo msamiati wetu ulikuwa na haki zake. Tatizo ni kwamba miili imebadilika na maneno yamebaki pale pale.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzani uliopita kiasi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Soma tena. Ni nchi ile ile, na mara nyingine ni nyumba ile ile: mama anaambiwa amenawiri, mtoto aliye mgongoni ni mfupi kuliko umri wake. Wote wawili wanakula ugali mwingi na chai ya sukari, na wote wawili wana upungufu wa vitu vingine. Wataalamu wa lishe wanawaweka wote katika kapu moja la utapiamlo. Ila jaribu kumwambia mama mwenye kilo 95 kwamba ana utapiamlo! Atakwambia umekosa adabu, kwa sababu katika masikio yetu utapiamlo ni njaa, na njaa ni kukonda. Hata kwashakoo tuliielewa vibaya kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto alifura mashavu na tumbo, jirani wakasema anakua.

Nina rafiki, mhadhiri mstaafu, ambaye alipatikana na kisukari. Daktari alimwandikia dawa, akamwelekeza pia chakula, na bwana yule akatii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alipunguza chapati, akaacha soda, akawa anatembea jioni. Katika miezi saba alipoteza kilo kumi na moja, na vipimo vya sukari vikashuka vizuri. Kisha akaenda nyumbani kwa mazishi. Shangazi yake alilia alipomwona, na si kwa ajili ya marehemu. Kaka zake wakamvuta kando kumuuliza kama mkewe anampikia. Mzee mmoja akamshauri aende hospitali nyingine. Mke, aliyekuwa amesimama naye tangu mwanzo, akarudi Nairobi na aibu iliyomfanya aanze tena kupika kama zamani ili watu wasiseme. Mwaka uliofuata kilo zilikuwa zimerudi, na sukari imerudi nazo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walimpenda, wakalieleza pendo lao kwa maneno waliyokuwa nayo.

Wakati huo huo hospitalini kuna lugha nyingine. Huko mwili ni hesabu: chukua kilo zako, gawanya kwa kimo chako katika mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mwenye kilo 70 na kimo cha mita 1.6 atapata 27.3. Chini ya 18.5 umepungukiwa, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, ambao wenzetu wa Tanzania wameupa jina lenye ladha, kiribatumbo. Hesabu hiyo aliianzisha Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, na hakuwa daktari. Alikuwa mwanahisabati na mnajimu aliyetaka kumjua mtu wa wastani. Haijui tofauti ya mafuta na misuli, na haitazami mafuta yamekaa wapi mwilini. Inafaa kuanzia, haifai kumaliza. Lakini ubora wake mmoja ni kwamba haina shangazi.

Basi, kati ya shangazi anayelia na namba 27.3, je, Kiswahili hakina neno la katikati? Kinalo. Tumekuwa tukilitafuta mahali pasipo pake. Tumelitafuta mwilini, na mwilini hakuna: kati ya -nene na -embamba tunaishia kusema "wa wastani" au "wa kadiri", sifa inayofaa kwenye maelezo ya mtu aliyepotea. Maneno ya usawa ya Kiswahili yako kwenye chakula.

Chukua kibaba. Leo tunakijua kwenye methali ya haba na haba tu, lakini kilikuwa kipimo halisi cha nafaka, robo ya pishi. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alipimiwa kibaba kwa siku, na hiyo ndiyo iliyokuwa posho yake. Yaani palikuwa na neno moja la kusema chakula cha mtu mmoja cha siku moja. Neno posho lenyewe limesafiri. Huku kwetu na Uganda likageuka kuwa unga na ugali wenyewe, huku Tanzania likawa marupurupu ya mkutano. Kote lilikokwenda limeacha nyuma maana ya kupimiwa. Nikipakuliwa ugali leo, napakuliwa mlima. Nikisema unatosha, naambiwa nala kama ndege.

Chukua pia kukinai. Kwa Kiarabu mzizi wake ni wa kuridhika, kuwa na moyo uliotulia na kilichopo. Kiswahili bado kinayo maana hiyo, lakini sikiliza watu wanavyolitumia mezani: "Mafuta haya yananikinaisha." Limekuwa neno la kichefuchefu. Tumechukua neno la kuridhika, tukalisogeza mbele mpaka mahali ambapo mtu haachi kula kwa sababu ametosheka. Anaacha kwa sababu hawezi tena. Sijui neno jingine linaloeleza futari zetu za siku hizi na karamu zetu za harusi vizuri zaidi ya hilo.

Shuleni nako tunafundisha mlo kamili. Kila mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kukutajia wanga, protini na vitamini. Ni jambo jema, ila neno kamili halisemi kitu kuhusu wingi. Sahani yenye pilau, chapati mbili, viazi, nyama, kachumbari na tikitimaji ni kamili kabisa. Ningependelea tufundishe mlo wa kiasi. Neno hilo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalikuta mwishoni mwa orodha ya matunda ya Roho, na Waislamu wanayajua mafundisho ya Mtume ya kuigawa nafasi ya tumbo kwa theluthi: chakula, maji na pumzi. Na wahenga hawakuegemea upande mmoja waliposema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Tunapenda kuitaja nusu ya pili. Ya kwanza inasema shibe inalevya, na mlevi huwa hajui amekunywa kiasi gani.

Naomba nisieleweke kwamba nawaunga mkono wale wanaotuletea kukonda kama dini mpya. Tembea jijini Nairobi utazame nguzo za stima. Nguzo moja ina tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, na chini yake, mara nyingine kwa namba ile ile ya simu, dawa ya kuongeza makalio. Wasichana wetu wa vyuoni wanaambiwa wawe na kiuno cha nyigu na nyonga za tembo katika mwili mmoja. Wapo wanaoshinda na njaa kutwa kwa sababu mtu aliwaita kibonge katika kundi la WhatsApp, usiku wakala mkate mzima kwa siri. Huyo hakosi nidhamu. Ametendewa kinyume cha yale aliyotendewa rafiki yangu mhadhiri, na kwa chombo kile kile: jicho la mtu mwingine, na neno lililotangulia fikra.

Kwa nini nalisema hili sasa? Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa kama mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari. Wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Mafunzo na fomu nyingi za afya nchini zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mlangoni wanazungumza Kiswahili au lugha ya mama. Anapofika kwa bibi wa miaka 58 mwenye shinikizo la juu, amwambie nini? Akisema "mama, umenenepa sana," mlango utafungwa, na utafungwa kwa haki. Akisema "umenawiri," amedanganya na kwenda zake.

Mapendekezo yangu ni ya mtu wa lugha, si ya daktari. Ataje uzani kama namba, bila kivumishi: "Mizani inasema 82, mara ya mwisho ilisema 79." Asiulize mwili una nini. Aulize sufuria ina nini, na wanaokula ni wangapi. Unga wa kilo mbili unakaa siku ngapi hapa? Sukari je? Hayo ni maswali ambayo mama yeyote anaweza kuyajibu bila kuona haya, kwa sababu ndiye anayeinunua, na ndiye anayejua inapoisha mapema. Hapo mazungumzo yamerudi kwenye kibaba. Na neno kunawiri alihifadhi mpaka ziara ya tatu au ya nne, shinikizo litakapokuwa limeshuka, hata kama shavu nalo limeshuka.

Kuhusu yule mama wa Nakuru: mwalimu, mwombe radhi, na wakati mwingine muulize mtoto hajambo.